Mmoja wa Wale wa Besi

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Lingeulizwa siku nyingine, mahali pengine, Wamuyu angelijibu bila kupepesa macho. Lakini liliulizwa Jumapili, saa nane mchana, sebuleni kwa baba yake kule Njoro, mbele ya wageni kumi na wanne walioshika sahani.

"Sasa niambieni," Daktari Jepkorir alisema huku akipanguza vidole, "hii kazi ni ya nani?"

Mkononi alikuwa na daftari la kurasa mia mbili, kingo zake zimechakaa. Daktari Jepkorir alifundisha muziki chuoni. Asubuhi hiyo alikuwa amekwenda kusali Nakuru mjini, na huko akaisikia kwaya ya Wamuyu ikiimba kwa mara ya kwanza wimbo wa Kilatini uliotungwa na Mwitalia mmoja zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Wimbo ulisimulia usiku ule wa bustanini, wanafunzi walipomwacha Bwana wao wakakimbia. Haukuwa wimbo wa kubembeleza usingizi. Sauti tano zilianza pamoja, chini kwa chini, kama watu wanaonong'onezana habari mbaya. Zikaanza kugongana. Zikafika kwenye neno la kukimbia, zikatawanyika kweli, kila moja na njia yake, mpaka zote zikanyamaza ghafla. Baada ya kimya hicho ilibaki besi peke yake, ikishuka nusu hatua kwa nusu hatua. Kanisani watu walikuwa wamelia bila kujua Kilatini hata neno moja, na Daktari akawafuata wanakwaya mpaka kwenye chakula hiki cha Njoro.

Ila wimbo huo ulikuja umeandikwa kwa noti za mistari, na kwaya ya Wamuyu ilisoma solfa tu, zile do-re-mi za herufi. Wamuyu mwenyewe, mwalimu wa kwaya, zile noti za mistari alizijua kwa kubahatisha. Mtu mmoja tu kati yao alizijua barabara. Huyo ndiye aliyekaa na penseli miezi minne akageuza sauti zote tano ziwe solfa, mstari baada ya mstari, kila alipotoka kazini.

Jina lake Wasike. Alikuwa fundi wa mabomba kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini. Utoto wake ulipita Nakuru, kwenye nyumba za reli, na huko ndiko bendi ya tarumbeta ilikomfundisha noti. Katika miezi hiyo minne, wakiwa wameinamia daftari moja, vichwa vyao vikikaribiana kila wiki kidogo zaidi, yeye na Wamuyu walipendana.

Sasa Wasike alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa koti jipya la kijivu. Hakuja kula. Alikuja kwa sababu Wamuyu alikuwa amemwambia, "Njoo Jumapili nikutambulishe kwa wazazi wangu." Akamtazama Wamuyu. Hakutabasamu, alimtazama tu kwa utulivu, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

Wamuyu akafungua mdomo. Baba yake akamtangulia.

"Huyo ni binti yangu!" Mzee Ephantus Muturi alisema kwa sauti iliyojaa nyumba. "Nani mwingine? Huyu tangu akiwa darasa la pili anaimba mpaka ng'ombe wanatoa maziwa zaidi."

Watu wakacheka. Daktari Jepkorir akamgeukia Wamuyu, macho yake yameng'aa. "Kweli ni wewe? Umeona ulivyoweka alama ya pumzi kabla ya kile kimya? Wanafunzi wangu wa mwaka wa nne hawangeiona. Septemba nina nafasi moja ya shahada ya pili. Nimeitafutia mtu mwaka mzima."

Mzee Ephantus aliweka sahani chini. Wamuyu aliuona uso wa baba yake, uso uliochomwa na jua la mashamba ya ngano kwa miaka arobaini, ukilegea kwa fahari kama uso wa mtoto. Hakuwahi kumwona hivyo.

"Ni wewe, maitu?" baba aliuliza. Alimwita hivyo, mama yangu, kwa sababu alikuwa amepewa jina la nyanya yake.

"Ndiyo," Wamuyu alisema.

Neno lilitoka jepesi mno. Alisubiri lirudi, halikurudi.

Mama yake, Mama Tabby, alikuwa akipita na birika la chai. Akasimama mbele ya Wasike. "Na huyu kijana mbona hana sahani? Ni wa nani?"

Hapo Wamuyu alipata nafasi ya pili ya kusema kweli. Angesema, mama, huyu ndiye niliyemwalika umwone. Lakini kama angemtaja Wasike, angelazimika kulitaja daftari. Na kama angelitaja daftari, ule uso wa baba ungefungika tena. Halafu kuna yale ambayo baba alikuwa akiyasema kila mara: huku tunajuana kwa mashamba, mtu akija tunauliza nyumba yao iko ridge gani, mgongo upi wa kilima. Wasike hakuwa na ridge. Alikuwa na chumba cha kazini na mama mgonjwa Webuye.

"Ni mmoja wa wale wa besi," Wamuyu alisema. "Alinisaidia kubeba kinanda."

"Aa, asante sana, boss," Mzee Ephantus alisema kwa ukarimu, akipunga mkono kuelekea dirishani. "Usisimame hapo na njaa. Pitia huko nyuma kwa wakamuaji, kuna chakula kingi. Waambie nimesema wakuwekee ya kutosha."

Wasike alifungua kifungo cha koti lake.

"Asante, mzee," Wasike alisema. "Huko kuko sawa."

Akatoka. Kupitia dirishani Wamuyu alimwona akilivua lile koti, akalikunja vizuri, akaliweka mkononi, akatembea kuelekea zizi la ng'ombe.

*

Jumatatu Wasike hakushika simu. Jumanne vilevile. Jumatano kwaya ilipokutana kufanya mazoezi, kiti cha Wasike kilikuwa kitupu, na sauti zilipotawanyika zikanyamaza, hapakuwa na kitu upande wa pili wa kimya. Wale wa besi wengine wawili walitazama makaratasi yao kama watu waliopoteza funguo.

"Madam, hapa pamekufa," Mitchelle alisema. Mitchelle aliimba soprano, na alikuwa na mdomo usiojua kungoja. Akamsogelea, akapunguza sauti. "Aki, niulize kitu. Ni ukweli Wasike alipewa chakula huko kwa ng'ombe?"

"Nani amekuambia?"

"Kila mtu anajua. Tulikuwa kwa gari pale kwenu nikamwona akitoka huko nyuma. Nikamuuliza, 'Niaje, mbona huko?' Akasema alikuwa anaangalia ndama. Wasike na ndama wapi na wapi?"

Wamuyu aliinama kuokota penseli ambayo haikuwa imeanguka.

Aibu aliyokuwa nayo haikuwa ile ya kuanguka mbele za watu, ambayo mtu hucheka akasahau. Hii haikuondoka. Aliamka nayo, akapiga mswaki nayo, akaingia nayo darasani, shuleni alikoajiriwa, kufundisha watoto wa watu habari za maadili mema. Baba alipiga simu mara mbili kumwambia kwamba amemweleza padri, na mwenyekiti wa ushirika wa maziwa, na hata daktari wa ng'ombe. "Wote wanasema hongera," alisema. Kila hongera ilimchoma upya.

Jumamosi akaenda Olkaria.

*

Mlinzi wa geti alimwambia angoje kando, chini ya mti mwembamba wa mgunga. Mabomba ya rangi ya fedha yalipita juu ya barabara na kupanda mlima, na huku na huku mvuke mweupe ulitoka ardhini ukinuka mayai yaliyooza. Alingoja karibu saa nzima. Wasike alipotokea, alikuwa amevaa kofia ngumu na buti nzito, na usoni alikuwa na alama ya miwani ya kazi. Alisimama hatua tatu mbali.

"Mwalimu," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo wakiwa wawili.

"Wasike, nimekupigia simu."

"Niliona."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Sawa."

"Usiseme sawa hivyo."

"Unataka niseme aje?" Alivua kofia, akaishika mbele ya tumbo. "Niko na dakika ishirini. Sema ulichokuja kusema."

Wamuyu alitazama zile buti nzito. "Niliogopa," alisema. "Baba alikuwa amefurahi sana. Sijawahi kumwona akifurahi kwa ajili yangu namna ile. Ndugu zangu ndio wa mashamba, wa matrekta. Mimi huwa ni yule wa nyimbo tu. Nikashindwa kumnyang'anya. Na lile daftari, najua ni jasho lako, nitamwambia Daktari Jepkorir..."

"Unadhani nimekasirikia daftari?"

Wamuyu akainua macho.

"Wamuyu, daftari nilikuandikia wewe. Ungeniambia siku ile asubuhi, 'Wasike, nataka ijulikane ni yangu,' ningekwambia chukua. Andika jina lako juu, kubwa. Sikuandika ili nipigiwe makofi." Sauti yake ilikuwa chini, ile sauti iliyoweza kubeba kanisa zima. "Lakini mama yako alikuuliza mimi ni wa nani."

"Najua."

"Hujui. Hilo koti nililinunua Naivasha. Nilizunguka maduka manne. Nilimpigia mama yangu simu, anaumwa, nikamwambia kesho naenda kuonyeshwa watu. Akaniombea kwa simu dakika kumi. Jioni akanipigia, 'Wamekupokeaje, mwanangu?' Ungekuwa mimi ungemjibu nini?"

Machozi yalimtoka Wamuyu bila sauti. Mafundi wawili walipita wakiongea, wakamtazama, wakatazama kwingine.

"Ulimjibu nini?" aliuliza hatimaye.

"Nilimwambia walinikaribisha vizuri sana. Nilimwambia nilikula nikashiba. Na si uongo. Wale wakamuaji ni watu wazuri, walinipa kiti, wao wakakalia ndoo." Alitazama mabomba. "Sasa na mimi nimedanganya kwa ajili yako. Tuko wawili."

"Nisamehe, Wasike. Tafadhali. Nipige magoti?"

"Hapana, usipige magoti hapa. Hapa mimi nina heshima yangu." Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Unaona, umenifuata mpaka huku, na nashukuru. Njia ni ndefu. Lakini huku baba yako hayuko. Daktari hayuko. Ulinikana mbele ya watu kumi na wanne, halafu unaniomba msamaha getini, na anayetusikia ni mlinzi."

Wamuyu alipanguza uso kwa kiganja. Alichosema Wasike kilikuwa kweli chote.

"Na kwaya?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ijumaa Kuu ndiyo hiyo inakuja. Umeiacha?"

"Kwaya sijaiacha. Jumatano nilikuwa shifti." Alivaa kofia yake tena. "Nitakuja kuimba. Nitasimama nyuma na wenzangu, niimbe sehemu yangu. Kwaya sijaiacha, Wamuyu. Nimekuacha wewe."

Akageuka. Wamuyu alimwangalia akipita chini ya mabomba, mvuke ukamfunika mpaka kiunoni, kisha mabegani, kisha hakuonekana.

*

Jumatano ya Wiki Takatifu kanisa lilikuwa limejaa mwanga wa saa kumi. Wanakwaya wote walikuja. Wasike alikuwa nyuma, kulia, na hakumtazama. Kwenye benchi la mbele alikaa Daktari Jepkorir, na kando yake Mzee Ephantus na Mama Tabby, waliokuja na pikapu kutoka Njoro kusikiliza mazoezi ya mwisho. Baba alikuwa amevaa tai.

Wamuyu alipanda kwenye kile kibao chake kidogo. Aliinua mikono. Kwaya ikavuta pumzi.

Akaishusha.

"Kabla hatujaanza," alisema. "Kabla hatujaanza nina jambo. Jumapili ile kwa wazazi wangu, Daktari aliuliza nani aliandika hizi solfa. Nilisema ni mimi. Nilidanganya."

Alisikia benchi la mbele likilia, lakini hakuthubutu kugeuka bado.

"Mimi hata kusoma zile noti siwezi sawasawa. Aliyeandika ni Wasike. Sauti zote tano, kila fe na kila ta. Ile alama ya pumzi aliyoisifu Daktari ni yake. Mimi alinifundisha wimbo huu kama mtoto anavyofundishwa, wiki baada ya wiki, akiwa amechoka na kazi." Sasa aligeuka, akamtazama baba yake. "Na kuna lingine, Baba. Mama aliniuliza Wasike ni wa nani. Nikasema ni mmoja wa wale wa besi, amebeba kinanda. Wasike ni mtu ninayempenda. Siku ile nilikuwa nimemwita mimi mwenyewe, aje awaone. Alikuwa mgeni wenu. Nikamwacha apelekwe zizini, nikaendelea kula."

"Yesu," Mama Tabby alisema polepole.

Uso ule wa Mzee Ephantus uliokuwa umelegea kwa fahari ukaingia kivuli, ukazeeka pale pale. Alisimama, akachukua kofia yake, akatembea kati ya mabenchi mpaka mlangoni. Kila hatua yake ilisikika. Mama akamfuata.

Daktari Jepkorir alikohoa. "Nashukuru kwa kusema, Wamuyu," alisema, bila ukali na bila joto. "Lakini unajua kwamba nafasi ile ilikuwa ya aliyeandika."

"Najua."

"Nitaongea naye yeye."

"Ndiyo, Daktari."

Kwaya nzima ilimtazama. Soprano mmoja aliguna. Wamuyu aliwaza kushuka, kutoka kwa mlango wa sakristia na asionekane tena. Badala yake akainua mikono, kwa sababu watu walikuwa wamekuja kuimba na Ijumaa isingemngoja.

Waliimba. Sauti ziliingia chini chini, zikakaribiana, zikagongana kwenye lile neno chungu, na hakuna aliyeogopa mgongano. Zikakimbia. Alto upande huu, tenori upande ule, soprano juu kabisa, kila mtu akijiokoa. Kimya. Katika kimya hicho Wamuyu alimtazama Wasike, kwa kuwa ni kazi ya mwalimu kumwingiza, na Wasike naye alilazimika kumtazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaingia kabla mkono wa Wamuyu haujamaliza kushuka, sauti nzito, pana, ikiteremka ngazi moja baada ya nyingine bila haraka, bila kumkimbia mtu yeyote. Wamuyu alilia mbele ya kwaya yake, na aliendelea kupiga mapigo akilia.

*

Walipotoka, pikapu ya baba ilikuwa bado imeegeshwa nje ya geti la kanisa. Mzee Ephantus alikuwa ameegemea mlango wake. Wanakwaya walipunguza mwendo, kama watu wafanyavyo wanapotaka kusikia bila kuonekana wanasikiliza.

"Wewe kijana," mzee aliita. "Wasike. Kuja."

Wasike akaenda. Wamuyu akabaki penye ngazi.

"Siku ile kwangu ulikula nini?"

"Githeri, mzee, mahindi na maharagwe. Ilikuwa tamu."

"Na ndani tulikuwa na kuku." Mzee alizungusha kofia yake mikononi. "Mimi nina miaka sitini na nane. Boma langu halijawahi kumlisha mgeni nyuma ya nyumba. Baba yangu angekuwa hai angenipiga." Akaiweka kofia juu ya boneti. "Binti yangu alikosa. Na mimi pia, kwa sababu sikukuuliza jina. Nilikuangalia nikaona mtu wa kubeba."

"Yamepita, mzee."

"Hayajapita. Usiniambie yamepita, utanifanya niwe mtoto." Akampa mkono. Wasike akaupokea kwa mikono miwili. "Hayo mengine ya wewe na huyu, sijui. Sijasema ndiyo. Nina maswali mengi, na mama yake ana mengi kuliko mimi. Lakini hayo maswali utaulizwa umekaa kwa kiti changu."

"Sawa, mzee."

"Wamuyu!" baba aliita bila kumtazama. Hakumwita maitu. "Ingia kwa gari, twende."

Wamuyu alishuka ngazi. Mitchelle na wenzake walikuwa wamesimama pale pale, hawajifichi tena. Daktari Jepkorir alikuwa akifungua gari lake. Wasike alikuwa ameshaanza kuondoka, mikono mifukoni, akielekea barabarani.

"Baba, tangulieni," Wamuyu alisema, kwa sauti ambayo hata walio mbali waliisikia. "Mimi natembea na Wasike."

Mama Tabby alimtazama mumewe. Mzee Ephantus alisimama na mkono kwenye kitasa cha mlango kwa muda mrefu, kisha akaingia, akawasha gari.

Wamuyu alimkuta Wasike chini ya miti ya jakaranda. Hakuthubutu kumgusa. Alitembea kando yake, nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Sijakusamehe," Wasike alisema.

"Najua."

"Sijui itachukua muda gani. Usiniulize kila siku."

"Sitakuuliza."

Walipita kibanda cha viatu, wakapita duka la dawa. Watu waliwasalimu, nao wakaitikia.

"Wale wa tenori," Wasike alisema hatimaye, akitazama mbele, "wanaingia mapema. Pale kwenye ukurasa wa tatu. Wanakimbia kabla ya kufukuzwa."

"Nimewaambia mara ngapi."

"Unawaambia kwa upole sana."

"Basi Ijumaa uje mapema uwaambie wewe."

Miguu mirefu ya Wasike, iliyozoea kupanda milima ya mvuke, ilikuwa imemwacha Wamuyu hatua mbili nyuma, na sasa akapunguza mwendo, mpaka akafikiwa.